Kipimo cha mafuta ya damu kwa mwenye kisukari: tathmini ya huduma ya maabara moja ya Dar es Salaam

Mwezi Februari nilimpeleka mama mkubwa kupima mafuta ya damu katika maabara moja binafsi hapa Dar es Salaam, na mwezi Mei tukarudi pale pale kwa kipimo kile kile. Nimeona niiandikie huduma hiyo tathmini kwa sababu kifurushi chenyewe kinatangazwa kuwa ni cha kulinda moyo wa mwenye kisukari, na nyumba nyingi nizijuazo zina mtu mwenye sukari ambaye ameshaambiwa, au ataambiwa karibuni, akapime kolesteroli. Maabara sitaitaja kwa jina. Mengi nitakayoyalalamikia nimeyakuta vilevile katika vyeti vya maabara nyingine nilivyoonyeshwa na ndugu na majirani, kwa hiyo nayaona kuwa ni makosa ya desturi iliyoenea, wala sipendi nyumba moja ibebe lawama ya wote.

Mama mkubwa ana miaka 61 na anaishi Tanga. Anaishi na kisukari cha aina ya pili kwa mwaka wa 11 sasa, pamoja na presha inayotibiwa. Hajawahi kuugua moyo. Kliniki anakohudhuria humpima sukari na presha kila anapokwenda, lakini mafuta ya damu yalikuwa yamepimwa mara moja tu, miaka miwili iliyopita, na cheti cha siku hiyo alikuwa nacho kwenye mkoba.

Nianze na yale yaliyonipendeza, kwa kuwa yapo na yanastahili kusemwa. Mahali ni pasafi, foleni inakwenda kwa namba, bei ya shilingi 40,000 imebandikwa ukutani na ndiyo tuliyolipa. Mtoa damu, mama wa makamo, alimwamkia mgonjwa wake kwa shikamoo, akamwuliza ni mkono upi ambao mshipa wake haukimbii, akaubonyeza kwa kidole kwa utulivu kabla ya kufungua sindano. Mishipa ya mama mkubwa ni migumu; amezoea kuchomwa mara tatu au nne na kurudi nyumbani na michubuko. Safari hii alichomwa mara moja. Kisha yule mama aliandika jina kwenye chupa ya damu mbele ya macho yetu, akalisoma kwa sauti, akasubiri tuthibitishe ndipo akaiweka kwenye kishikio. Kwa sehemu hii ya kazi sina neno ila shukrani.

Lakini kabla ya kufika kwenye sindano hiyo tulipata mtihani. Tulipopiga simu jana yake kuuliza maandalizi, tuliambiwa mgonjwa asile chochote kwa saa 12 hadi 14, na simu ikaishia hapo. Hakuna aliyeuliza anatumia dawa gani. Mama mkubwa alimeza glibenklamaidi yake, kidonge cha kushusha sukari, alfajiri kama kawaida, akaja na tumbo tupu, na ilipofika saa tatu na nusu, tukiwa bado kwenye foleni, nikaona kanga yake imelowa jasho shingoni na mikono inatetemeka kiasi kwamba kile kikaratasi cha namba kilimdondoka. Sukari ilipopimwa ilikuwa 3.4. Alipewa maji yenye sukari, na baada ya muda mfupi alirudi katika hali yake. Dada wa mapokezi akatuambia kwamba kwa kuwa mfungo umeshavunjika tuje siku nyingine. Mtoa damu ndiye aliyeingilia kati akasema apite, atamtoa damu leo leo.

Yule mama alikuwa sahihi, na ni vizuri kila anayempeleka mtu wake kupima ajue kwa nini. Chakula hubadilisha kidogo sana lehemu yote (yaani kolesteroli kwa ujumla wake), LDL (ile inayoitwa lehemu mbaya) na HDL (inayoitwa lehemu nzuri). Kinachopanda baada ya kula ni trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, nazo kwa watu wengi hazipandi sana. Denmark imekuwa ikipima mafuta ya damu bila mfungo tangu 2009, na mwaka 2016 vyama vya kitaalamu vya Ulaya vya mishipa ya damu na vya maabara vilitoa tamko la pamoja kwamba mfungo usiwe sharti la kawaida, bali kipimo kirudiwe kwa mfungo pale tu trigliseridi zinapokuwa juu mno. Kwa mtu anayetumia insulini au vidonge vya kundi la glibenklamaidi, kumfunga saa 14 bila kumwuliza dawa zake ni kumweka kwenye hatari ya kuanguka na sukari ya chini kwa ajili ya faida ndogo. Maabara inayouza kifurushi cha wenye kisukari ilipaswa kuwa na swali hilo moja kwenye simu. Hili nalihesabu kuwa kosa kubwa la kwanza.

Cheti kilitoka baada ya saa mbili, karatasi moja yenye mistari minne. Lehemu yote 5.1. LDL 3.1. HDL 1.0. Trigliseridi 2.1. Upande wa kulia palikuwa na safu ya viwango: lehemu yote chini ya 5.2, LDL chini ya 3.4, HDL kuanzia 1.0, trigliseridi chini ya 2.3. Na mwisho wa kila mstari limechapwa neno moja, kawaida, mara nne kuanzia juu hadi chini. Dada wa mapokezi alitukabidhi akiwa na furaha ya kweli, akasema, "Hongera mama, uko vizuri kabisa."

Mama mkubwa alikaa kwenye benchi, akatoa kile cheti cha zamani, akavilaza vyote viwili mapajani. "Tazama mwanangu," aliniambia, "ile ya Tanga LDL ilikuwa 122, leo ni 3. Kuacha samli kumenisaidia." Uso wake ulikuwa umechangamka kiasi kwamba ilinichukua dakika nzima kupata moyo wa kumweleza. Cheti cha zamani kilitumia miligramu kwa desilita na hiki kipya kinatumia milimoli kwa lita. Ukichukua 122 ukaigawa kwa 38.67 unapata 3.15, kwa trigliseridi kigawanyo ni 88.57. Kwa miaka miwili LDL yake ilikuwa imekaa pale pale. Vipimo vyote viwili vipo kihalali na hapa kwetu vinatumika sambamba, kwa hiyo cheti kinachojali msomaji wake kingeandika namba kwa njia zote mbili, ama walau kingetaja kwa herufi zinazoonekana ni kipi kimetumika. Hiki kiliandika kwa herufi ndogo kabisa chini ya ukurasa.

Sasa nije kwenye lile neno kawaida, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Viwango vilivyochapwa kwenye safu ile vimewekwa kwa ajili ya watu kwa jumla. Mwenye kisukari hapimwi kwa kipimo hicho, kwa sababu LDL ile ile inamletea hatari kubwa zaidi kuliko jirani yake asiye na sukari. Mwili unapoacha kuiitikia insulini vizuri, mafuta yaliyohifadhiwa huachiliwa kwa wingi na kwenda kwenye ini, nalo ini huyafungasha na kuyarudisha kwenye damu kama chembe zilizojaa trigliseridi. Katika kubadilishana mafuta kati ya chembe hizo na nyingine, HDL hupungua, na chembe za LDL hubaki ndogo, nzito na nyingi. Ndiyo maana LDL ya mwenye kisukari inaweza kusomeka ya wastani huku idadi ya chembe zinazopenya kwenye kuta za mishipa ikiwa kubwa kuliko namba inavyoonyesha. Trigliseridi za juu kiasi na HDL ya mpakani, kama za mama mkubwa, ni sura inayojulikana sana katika kisukari cha aina ya pili.

Kuna utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 1998 ambao madaktari wengi wanaukumbuka. Watu walifuatiliwa kwa miaka 7. Kati ya wasio na kisukari ambao hawajawahi kupata shambulio la moyo, asilimia 3.5 walilipata katika kipindi hicho; kati ya wasio na kisukari ambao walishawahi kulipata, ilikuwa asilimia 18.8. Wenye kisukari ambao hawajawahi kuugua moyo hata siku moja walifikia asilimia 20.2. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba ulinganifu huo haumhusu kila mwenye kisukari, kwa kuwa umri, muda wa ugonjwa na presha vinabadilisha hesabu, lakini mama mkubwa, mwenye miaka 61, sukari ya miaka 11 na presha juu yake, yuko karibu sana na watu wale. Tena mishipa ya fahamu ikishaathiriwa na sukari, moyo unaweza kuumia bila maumivu ya kifua yanayomfanya mtu akimbilie hospitali. Kwa mtu kama huyo, cheti kinachosema kila kitu ni kawaida kinamnyima onyo pekee ambalo angelipata mapema.

Jambo lililonigusa zaidi nilipokuwa nasoma kuhusu haya ni utafiti uliofanyika Uingereza na Ireland na kutangazwa mwaka 2004, uitwao CARDS. Ulihusisha watu 2,838 wenye kisukari cha aina ya pili, wa miaka 40 hadi 75, ambao moyo wao ulikuwa haujawahi kuugua na LDL yao haikuzidi 4.14, kila mmoja wao alikuwa na angalau jambo moja la ziada la hatari, kama vile presha. Wastani wa LDL yao ulikuwa karibu 3. Ukimtazama mama mkubwa na cheti chake mkononi, angeweza kuwa mmoja wao. Nusu walipewa atorvastatini, dawa ya kushusha LDL ya kundi la statini, miligramu 10 kwa siku na nusu kidonge kisicho na dawa. Utafiti ulisimamishwa takriban miaka 2 kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa imeshadhihirika: waliopata tukio kubwa la moyo au kiharusi walikuwa 127 upande wa wasiopewa dawa na 83 upande wa waliopewa, sawa na pungufu ya asilimia 37. Viharusi vilipungua kwa karibu nusu. Kwa safu ya viwango vya maabara yetu, wengi wa hao wangeandikiwa kawaida na kurudishwa nyumbani kwa hongera.

Wala si utafiti mmoja. Mwaka 2008 zilikusanywa takwimu za watu 18,686 wenye kisukari kutoka katika majaribio 14 ya statini, na ikaonekana kwamba kila LDL inapopungua kwa milimoli 1, matukio makubwa ya moyo na mishipa hupungua kwa takriban moja ya tano, na vifo kwa asilimia 9. Kwa misingi ya aina hiyo, Chama cha Kisukari cha Marekani hushauri statini kwa wenye kisukari wa miaka 40 hadi 75 hata kama LDL yao inaonekana nzuri, na mwongozo wa Ulaya wa 2019 unamweka mtu mwenye kisukari kwa miaka 10 au zaidi katika kundi la hatari kubwa, ambalo LDL yake hutakiwa kushuka chini ya 1.8 na kupungua kwa angalau nusu. Linganisha 1.8 hiyo na 3.4 iliyochapwa kwenye cheti.

Kuna namba nyingine ambayo maabara ingeweza kuiandika bila gharama ya hata shilingi moja. Ukitoa HDL kwenye lehemu yote unapata jumla ya lehemu yote mbaya, ile iliyo kwenye LDL pamoja na iliyo kwenye chembe zenye trigliseridi, nayo kwa mwenye kisukari hueleza hatari vizuri kuliko LDL peke yake. Kwa mama mkubwa ni 5.1 kutoa 1.0, yaani 4.1, wakati mwongozo huo wa Ulaya unataka iwe chini ya 2.6 kwa kundi lake. Halafu LDL yenyewe kwenye cheti hiki haikupimwa moja kwa moja, ilikokotolewa kwa kanuni ya mwaka 1972: lehemu yote, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Nilijaribu hesabu hiyo kwa kalamu nikapata 3.1 ile ile. Hakuna ubaya kukokotoa, ila kanuni hiyo hushindwa trigliseridi zikizidi 4.5, na wenye sukari iliyopanda sana hufika huko. Cheti kingepaswa kusema.

Tulipokuwa tunaondoka, mapokezi wakatuonyesha chupa za vidonge vya mafuta ya samaki zilizopangwa kwenye kabati la kioo, tukaambiwa vinasafisha mishipa na kwamba wagonjwa wengi wa sukari hununua. Mama mkubwa alikuwa ameshafungua pochi. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uitwao ASCEND, uliohusisha wenye kisukari 15,480 wasio na ugonjwa wa moyo, waliopewa gramu moja ya mafuta hayo kila siku au kidonge kisicho na kitu: matukio makubwa ya mishipa yalikuwa asilimia 8.9 upande mmoja na 9.2 upande wa pili, tofauti isiyo na maana ya kitakwimu. Hata baadhi ya dawa halisi za kushusha trigliseridi zimeshindwa kuonyesha kinga iliyotarajiwa. Ile ya mwaka 2022, pemafibreti, ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari, trigliseridi zikashuka vizuri na mashambulio ya moyo yakabaki vilevile. Inaniuma kuona mgonjwa anaambiwa LDL yake ni kawaida, kisha dakika hiyo hiyo anauziwa kitu ambacho watu wa hali yake walishapewa kwa maelfu na hakikuwalinda.

Tulichukua cheti tukarudi nacho kwa daktari wa kliniki yake. Yeye hakuitazama kabisa safu ya kulia. Aliuliza umri, miaka ya sukari, presha na kama ukoo una waliokufa ghafla, akapima mkojo na kuagiza kipimo cha ini, kisha akamwandikia atorvastatini miligramu 20. Ndugu walipinga kwa simu kutoka pande zote: dawa hizo hupandisha sukari, huumiza misuli. Daktari hakuwadharau. Alieleza kwamba ni kweli sukari inaweza kupanda kidogo, kiasi ambacho hudhibitiwa, na kwamba faida kwa moyo wa mwenye kisukari ni kubwa kuliko madhara hayo. Kuhusu misuli akasema akisikia maumivu yasiyoeleweka au mkojo kubadilika rangi asikae nayo, aje. Juu ya chakula alikuwa muungwana kwa mtu wa Tanga. Samli alimsifu kwa kuiacha, lakini akamweleza kwamba tui zito nalo lina mafuta yanayopandisha LDL, kwa hiyo wali wa nazi upikwe kwa tui la pili na usiwe wa kila siku, na samaki apikwe mchuzi badala ya kukaangwa. Hayo ameyafuata vizuri kuliko nilivyodhani.

Mwezi Mei tukarudi maabara. Safari hii alikunywa chai na mkate kabla ya kuja, na yule mtoa damu akakubali bila mjadala. Matokeo: lehemu yote 3.5, LDL 1.7, HDL 1.0, trigliseridi 1.7. Milimoli 1.4 za LDL zilikuwa zimeondoka kwenye damu yake katika miezi mitatu, na kwa hesabu ya zile tafiti hiyo ni sehemu kubwa ya hatari iliyopunguzwa kwa mtu mmoja. Nilikitafuta kwenye cheti kitu chochote kinachoonyesha tofauti hiyo. Mstari wa LDL ulikuwa na 1.7, kisha chini ya 3.4, kisha neno kawaida, lile lile la mwezi Februari.

Kama nitaulizwa niwashauri wengine waende, nitasema waende kwa ajili ya mkono wa yule mama, usafi na bei iliyo wazi, lakini wasiende na tumbo tupu bila kumwuliza daktari kuhusu dawa zao, wasinunue chochote kwenye kabati la kioo, na cheti wakipeleke kwa anayewatibu hata kama kimeandikwa kawaida mistari yote. Wenye maabara nimewaandikia barua nikiomba mambo matatu: swali la dawa kwenye simu, mstari wa lehemu isiyo HDL, na safu ya viwango vya wenye kisukari kwa kila aliyelipia kifurushi hicho. Bado nasubiri jibu.

Siku ile ya Mei, wakati wa kujaza fomu ya usajili, nilimwambia dada wa mapokezi aongeze kwamba mgonjwa ana kisukari. Akaitazama fomu juu na chini, akasema haina nafasi ya jambo hilo. Mama mkubwa akamwomba kalamu, akaandika mwenyewe pembeni mwa jina lake, kwa herufi kubwa: ANA SUKARI, MIAKA 11.